Atomu Zinapogongana: Rezonansi na Vielelezo Vinavyotatulika Kikamilifu

Mtu akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, chupa hutoa mlio wa namna moja tu, ingawa pumzi yake ina mitikisiko ya kila aina. Akitia maji kidogo ndani, mlio hupanda. Sababu yake ni kwamba hewa iliyomo chupani ina idadi yake maalumu ya mitikisiko kwa sekunde, na miongoni mwa mitikisiko yote inayoletwa na pumzi huitikia kwa nguvu ile tu inayolingana na yake. Mwitikio wa namna hii huitwa rezonansi, na kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nao katika somo la sauti.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba atomu mbili zinapogongana nazo huwa na rezonansi. Kwa kawaida atomu hukaribiana, huvutana au kusukumana kwa muda mfupi mno, kisha huachana. Lakini katika nishati fulani maalumu, jozi ya atomu hushikana kwa muda mrefu kuliko kawaida, kana kwamba inataka kuwa molekuli, kabla ya kuachana. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuzifuata zilivyowawezesha wanasayansi kulielewa na hatimaye kulitawala.

MGONGANO NI KUTAWANYIKA KWA WIMBI

Mwaka 1924 Louis de Broglie wa Ufaransa alitoa hoja kwamba kila chembe inayokwenda ina wimbi lake, na kwamba kadiri mwendo wake unavyopungua ndivyo urefu wa wimbi hilo unavyoongezeka. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1926, Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoongoza mawimbi hayo. Kwa hiyo katika fizikia ya kwanta mgongano wa atomu haufanani na mgongano wa gololi mbili. Ni wimbi linalofika mahali penye kani, likabadilishwa umbo, kisha likatawanyika.

Atomu zikiwa na mwendo mdogo sana, matokeo yote ya mgongano hubebwa na namba moja iitwayo urefu wa mtawanyiko, ambayo huandikwa kwa herufi a. Namba hiyo ikiwa chanya, atomu hutenda kana kwamba zinasukumana. Ikiwa hasi, hutenda kana kwamba zinavutana. Ikiwa sifuri, hupishana kama zisizoonana. Rezonansi ni pale ambapo namba hiyo inakua pasipo kikomo.

MAANA YA KUTATULIKA KIKAMILIFU

Kani halisi iliyopo baina ya atomu mbili ina umbo gumu. Elektroni ni nyingi, kila moja husukumana na nyingine na huvutwa na viini viwili, na mlinganyo wa Schrödinger wa mkusanyiko huo hauwezi kutatuliwa kwa kalamu na karatasi. Mwanasayansi ana njia mbili. Anaweza kuipa kompyuta kazi hiyo na kupata orodha ndefu ya namba. Ama anaweza kubuni kielelezo, yaani hali iliyorahisishwa, ambayo mlinganyo wake hutatulika kikamilifu na jibu lake huandikwa kwa fomula isiyo na makadirio.

Njia zote mbili zinahitajika. Kompyuta hutoa thamani, na kielelezo huonyesha sababu. Aidha, kielelezo kinachotatulika ndicho mizani ya kupimia programu ya kompyuta: programu isiyoweza kutoa jibu sahihi pale ambapo jibu linajulikana haistahili kuaminiwa pale ambapo jibu halijulikani.

KIELELEZO CHA KWANZA: SHIMO MRABA

Tuseme kani ya mvutano imewakilishwa na shimo lenye kuta zilizosimama wima: atomu zikiwa karibu kuliko umbali R, nishati yao hushuka kwa kiasi V; zikiwa mbali zaidi ya R, hakuna kani yoyote. Ndani ya shimo wimbi hufuata umbo la sini, likianzia sifuri pale ambapo umbali ni sifuri. Nje ya shimo, ikiwa mwendo ni mdogo kabisa, wimbi ni refu mno hata sehemu yake iliyo karibu huonekana kama mstari ulionyooka. Sharti ni moja tu: penye ukingo wa shimo, sini na mstari lazima vikutane kwa thamani ile ile na kwa mteremko ule ule.

Mstari huo ukirefushwa hukata mhimili wa umbali mahali fulani, na mahali hapo ndipo urefu wa mtawanyiko. Kutokana na sharti hilo la ukingoni, jibu kamili hupatikana kwa mistari michache ya aljebra:

a = R (1 − tan x / x)

ambapo x = R√(2μV)/ħ, μ ni nusu ya tungamo la atomu moja endapo atomu mbili zinafanana, na ħ ni thabiti ya Planck ikigawanywa kwa 2π. Namba x hupima kina na upana wa shimo kwa pamoja, na huhesabiwa kwa radiani.

Msomaji mwenye jedwali la tanjenti anaweza kuhakikisha thamani zifuatazo:

x = 1.00; a = −0.56 R
x = 1.50; a = −8.4 R
x = 1.55; a = −30 R
x = 1.60; a = +22 R
x = 1.70; a = +5.5 R
x = 2.00; a = +2.1 R

Kutoka x = 1.55 hadi x = 1.60 kina cha shimo kimeongezeka kwa asilimia 6 au 7 tu, lakini urefu wa mtawanyiko umeruka kutoka hasi kubwa hadi chanya kubwa. Katikati yake, x inapokuwa π/2, tanjenti haina kikomo. Maana yake katika mchoro ni wazi. Sini imefika kileleni sawasawa na ukingo wa shimo. Mteremko wake hapo ni sifuri. Mstari wa nje umelala sambamba na mhimili na hauukati kamwe. Hapo ndipo shimo linapopata kwa mara ya kwanza kina cha kutosha kushika atomu mbili na kuzifanya molekuli. Rezonansi, basi, ni dalili ya molekuli iliyo mlangoni: ama imekwisha kuzaliwa sasa hivi, ama iko karibu kuzaliwa.

Hapa ndipo umuhimu wa jibu kamili unapoonekana. Njia ya kawaida ya makadirio, iitwayo kwa jina la Max Born, huchukulia kwamba kani ni dhaifu na hutoa jibu a = −R x²/3. Kwa x = 0.1 makadirio hayo na jibu kamili hukubaliana vizuri. Kwa x = 1.55 makadirio hutoa −0.80 R badala ya −30 R. Kwa x = 1.60 hutoa −0.85 R, na hali jibu kamili ni +22 R. Makadirio yamekosea hata alama, na kosa hilo si dogo. Gesi baridi iliyogandamana ya atomu zenye a chanya hukaa imara, lakini a ikiwa hasi gesi hiyo, ikizidi kiasi fulani cha atomu, huporomoka ndani yake yenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Boulder, Colorado, nchini Marekani, waliibadili alama hiyo kwa makusudi katika gesi ya rubidiamu, na gesi ikaporomoka kisha ikalipuka.

KWA NINI SHIMO LA KUBUNI LAFAA KWA ATOMU HALISI

Mwanafunzi makini atauliza: atomu hazina mashimo yenye kuta wima, sasa jibu hili lina thamani gani? Ufafanuzi umo katika urefu wa wimbi. Atomu ya sodiamu iliyopoozwa hadi sehemu moja ya milioni ya kelvini ina wimbi lenye urefu wa takriban nanomita 360. Kani baina ya atomu mbili za sodiamu hufanya kazi katika umbali wa nanomita chache tu. Wimbi refu namna hiyo haliwezi kutambua vipengele vidogo vya umbo la kani, kama vile wimbi kubwa la bahari lisivyobadilishwa na umbo la kokoto iliyo chini yake. Linachotambua ni matokeo ya jumla, na hayo yamo yote katika namba a. Kwa sababu hiyo mashimo mawili yenye maumbo tofauti, yakiwa na a moja na mwendo ukiwa mdogo, hutoa migongano isiyoweza kutofautishwa.

Kielelezo hufunza pia kinyume cha rezonansi. Zipo thamani za x ambazo tan x hulingana na x yenyewe. Ya kwanza baada ya sifuri ni takriban 4.493. Hapo a ni sifuri, na shimo, japo lina kina kirefu, halionekani kabisa. Jambo la ukoo huo lilipata kuwashangaza wanasayansi kabla ya fizikia ya kwanta kukamilika. Mwaka 1921 Carl Ramsauer wa Ujerumani alionyesha kwamba elektroni zenye nishati ndogo, chini ya elektronivolti moja, hupita katika gesi ya agoni karibu bila ya kuzuiwa. Hesabu za gololi hazikuweza kueleza hilo; hesabu za mawimbi ziliweza.

KIELELEZO CHA PILI: MLANGO WAZI NA MLANGO ULIOFUNGWA

Shimo moja halitoshi kueleza rezonansi zote. Atomu ina sumaku yake ndogo itokanayo na elektroni na kiini, na sumaku hizo zaweza kupangika kwa namna mbalimbali. Kila mpangilio una kani yake, kama nyumba yenye milango kadhaa. Tuseme atomu mbili zinaingia kwa mlango wa kwanza, ambao u wazi: zaweza kuingia na kutoka. Mlango wa pili umefungwa, kwa maana kwamba atomu hazina nishati ya kutosha kutokea huko. Lakini ndani yake kuna hali ya molekuli. Ikiwa nishati ya molekuli hiyo inalingana na nishati ya atomu zinazoingia, jozi huweza kuvuka kwa muda kwenda mlango wa pili, ikakaa, kisha ikarudi na kutoka.

Hesabu ya hali moja iliyofungwa inayoungana na nishati huru zisizo na idadi ilitatuliwa kikamilifu na mwanahisabati Kurt Friedrichs mwaka 1948. Ugo Fano, aliyekwisha kuligusa jambo hilo nchini Italia mwaka 1935, aliliandikia makala mashuhuri mwaka 1961 akiwa Marekani. Herman Feshbach alilitumia wazo hilo kwa viini vya atomu mwaka 1958, na rezonansi za namna hii huitwa kwa jina lake hadi leo.

Njia ya utatuzi haina siri. Kuna milinganyo mingi, lakini kila nishati huru imeungana na hali iliyofungwa tu, wala haikuungana na nishati huru nyingine. Kwa hiyo kila kisichojulikana huweza kuandikwa kwa kutumia kisichojulikana kimoja, yaani kiasi cha hali iliyofungwa, kisha vyote vikaingizwa katika mlinganyo mmoja uliobaki. Ni ile njia ya kuondoa visichojulikana kimoja kimoja ambayo wanafunzi huitumia katika milinganyo ya pamoja.

Jibu lina mafunzo mawili. Kwanza, nishati ya hali iliyofungwa haibaki pale ilipokuwa, bali husogea kidogo kwa sababu ya muungano wake na mlango wazi. Pili, hali hiyo haina tena nishati moja kamili bali hupata upana, unaoandikwa Γ. Upana huo na umri wa hali, τ, vimefungamana kwa kanuni fupi: τ = ħ/Γ. Hali yenye upana mkubwa huishi muda mfupi. Kwa mfano, atomu ya heliamu ambayo elektroni zake mbili zimeinuliwa kwa pamoja kwa mwanga wa takriban elektronivolti 60 ina hali yenye upana wa elektronivolti 0.037 hivi. Umri wake, basi, ni takriban sekunde 0.000 000 000 000 018. Baada ya hapo elektroni moja hutoroka.

USUKANI WA SUMAKU

Katika mlango wa pili sumaku za atomu zimepangika tofauti na katika mlango wa kwanza. Kwa sababu hiyo uga wa sumaku ukibadilishwa kutoka nje, nishati ya molekuli iliyofungwa hupanda au kushuka ikilinganishwa na ile ya atomu huru. Mtafiti anaweza kuisogeza mpaka ilingane na nishati ya atomu zinazogongana. Kielelezo cha milango miwili hutoa fomula hii:

a = A (1 − D/(B − C))

A ni urefu wa mtawanyiko wa kawaida, mbali na rezonansi. B ni nguvu ya uga wa sumaku. C ni mahali pa rezonansi. Na D ni upana wake. Pale ambapo B − C ni sehemu moja ya kumi ya D, a ni −9A. Pale ambapo B − C ni sawa na D, a ni sifuri. Kwa upande mwingine, B ikiwa chini ya C kwa sehemu moja ya kumi ya D, a ni +11A. Kwa namna hiyo, kuzungusha kitufe cha mkondo wa umeme katika koili ni kama kugeuza usukani wa kani baina ya atomu.

Mwaka 1993 wanafizikia wa Uholanzi walitabiri kwamba jambo hili lingeonekana katika atomu baridi. Mwaka 1998 kundi la Wolfgang Ketterle, huko Massachusetts nchini Marekani, lilitangaza kuliona katika sodiamu, kwenye uga wa karibu gausi 907. Uga wa dunia ni takriban nusu ya gausi. Urefu wa mtawanyiko ulibadilika zaidi ya mara kumi, na karibu kabisa na rezonansi atomu zilipotea kwa kasi. Upana wa rezonansi hiyo ni gausi 1 hivi, kwa hiyo uga ulipaswa kutawaliwa kwa uangalifu mkubwa. Katika lithiamu-6 kuna rezonansi nyingine karibu na gausi 832 ambayo upana wake ni mamia ya gausi.

Mwaka huo huo wa 1998 Thomas Busch na wenzake watatu walitatua kikamilifu kielelezo kingine: atomu mbili ndani ya mtego unaozivuta kuelekea katikati kama springi. Mtego una masafa ya pembe ω. Atomu zisipoathiriana, nishati ya chini kabisa ya mwendo wao wa kukaribiana na kuachana ni 3/2 ħω. Zikifika kwenye rezonansi kamili, hushuka hadi 1/2 ħω. Mwaka 2006 watafiti wa Zürich nchini Uswisi walizipima atomu za potasiamu zilizonaswa mbili mbili katika mitego ya mwanga, na vipimo vyao vya nishati ya molekuli vilikubaliana na nadharia hiyo.

FAIDA NA MIPAKA

Yawezekana kudhani kwamba mambo haya ni ya maabara tu. Lakini tangu mwaka 1967 sekunde imefasiriwa kwa mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu. Katika saa bora zaidi za sesiamu atomu hupoozwa kwa leza, na kwa bahati mbaya sesiamu baridi iko karibu sana na rezonansi: katika mojawapo ya hali zake urefu wa mtawanyiko hupita nanomita 100. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwa vipimo kwamba migongano hiyo huhamisha masafa ya saa. Kwa hiyo anayetunza saa ya taifa hana budi kuhesabu migongano ya atomu, la sivyo sekunde yake itakosea. Hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya watafiti kujenga pia saa za rubidiamu, ambayo athari yake ya migongano ni ndogo kwa mbali.

Vielelezo hivi vina mipaka yake. Fomula ya milango miwili haisemi C ni gausi ngapi. Thamani hiyo hutoka katika vipimo na katika hesabu ndefu za kompyuta. Atomu zikiwa tatu, mambo hubadilika: mwaka 1970 Vitaly Efimov, akiwa Leningrad, alionyesha kwamba kwenye rezonansi atomu tatu zinaweza kufungamana hata pale ambapo mbili haziwezi, na dalili za jambo hilo zilionekana katika sesiamu huko Innsbruck, Austria, mwaka 2006. Atomu zikiwa maelfu, hakuna fomula kamili kwa hali ya jumla.

Hata hivyo, ajuaye vyema kisa cha atomu mbili ana mahali pa kusimama anapokabili visa vigumu zaidi. Walimu wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kuanzia kwenye shimo mraba, kwa kuwa halihitaji zaidi ya sini, tanjenti na mteremko. Zoezi la kufaa ni hili: wanafunzi wachore grafu ya a/R dhidi ya x kuanzia 0 hadi 8, watafute mahali pote ambapo a haina kikomo na mahali pote ambapo ni sifuri, kisha wachore juu yake makadirio ya Born. Baada ya hapo waulizwe ni mahali gani makadirio yangeweza kuaminiwa, na ni mahali gani yangempotosha mtafiti bila ya yeye kujua.